Kibla, Kivuli na Vizio vya Dunia

Katika mwezi wa Juni tulikuwa twasomesha mlango wa nyakati za Sala katika darasa yetu ya baada ya Magharibi, na tulipofika pahala pa kutambua kuingia kwa Adhuhuri tulieleza habari ya kusimamisha kijiti na kutazama kivuli chake. Kitabu tulichokuwa nacho mikononi kilitungwa na mwanachuoni wa Misri, na sharhe yake ni ya Misri vile vile. Tukasema, kama tulivyosomeshwa na kama tulivyokuwa tukisema kwa miaka mingi, kwamba jua likiwa katikati ya mbingu kivuli hulala upande wa kaskazini, kisha jua likipinduka kivuli huanza kuelekea mashariki. Hapana aliyeuliza neno.

Siku ya pili yake akaja kijana mmoja katika wanafunzi wetu, akatuambia, "Maalim, leo nimesimamisha ufito uani kwetu tangu saa tano na nusu hata saa saba, na kivuli hakikulala kaskazini hata mara moja. Kimelala kusini. Sijui kitabu kimekosa, au ni ufito wangu." Mzee mmoja aliyekuwa ameketi karibu alimkemea, akamwambia, "Mwanangu, kitabu hakipimwi kwa ufito." Sisi tulinyamaza, kwani hatukuwa na jawabu. Kesho yake tulipanda juu ya dari na kijiti chetu wenyewe, na kivuli kikalala kusini mbele ya macho yetu, vile vile kama alivyosema yule kijana.

Kitabu hakikukosa, wala ufito haukukosa. Tuliokosa ni sisi, tuliochukua kivuli cha Misri tukakileta Mombasa bila ya kuuliza kama huku na huko ni kizio kimoja cha dunia. Na kwa kuwa tuliwakosesha watu hadharani, tumeona ni wajibu tulieleze jambo hili hadharani, na tulieleze tangu asili yake.

Kila mtu wa pwani ajua kizio ni nini. Nazi ikivunjwa hutoka vizio viwili, mpishi akatwaa kimoja akakikuna kwa mbuzi na cha pili akakiweka. Dunia nayo ni tufe, na kila nusu ya tufe hilo huitwa kizio. Sasa, mtu akitaka kuigawanya dunia kwa fikira zake aweza kuikata popote apendapo, apate vizio viwili vilivyo sawa. Lakini uko mkato mmoja usiokuwa wa kuchagua. Dunia yazunguka kama pia ya watoto, na kila kizungukacho kina ncha mbili zisizohama mahali pake. Ncha hizo ndizo kutubi mbili, ya kaskazini na ya kusini. Na mstari upitao katikati kabisa baina ya kutubi hizo, ukiizunguka dunia kiunoni mwake, ndio uitwao katika vitabu vya falaki mstari wa Istiwai, na vijana wetu katika skuli huuita Ikweta. Mstari huu haukuchorwa na mtu, wala haungeweza kuwekwa pengine. Lau wangekutana wafalme wote wa dunia wakataka kuuhamisha kwa shubiri moja, wasingeweza, maana wangelazimika kwanza kuyageuza mazunguko ya dunia yenyewe. Huo ndio ugawanyao kizio cha kaskazini na kizio cha kusini.

Kutoka mstari huo wanavyuoni walihesabu daraja, ndizo digrii au nyuzi, kwenda kaskazini mpaka 90 na kwenda kusini mpaka 90. Hesabu hii kwa Kiarabu huitwa aradhi, yaani upana, na ni neno jingine na ardhi tunayoikanyaga, japokuwa midomo yetu huyachanganya. Katika skuli huitwa latitudo. Kila daraja moja ya aradhi ni kiasi cha kilomita 111, na kila daraja ina dakika 60, ambazo si dakika za saa bali ni mafungu ya daraja. Dakika moja ya aradhi ndiyo maili moja ya baharini, na kwa hivyo nahodha akiijua aradhi yake na aradhi ya aendako ameujua umbali wa kwenda kaskazini au kusini, pasina kitu kingine.

Sasa tutazame mahali petu. Mstari wa Istiwai waikata Kenya vipande viwili. Wapita kaskazini kidogo ya Kisumu, wapita Nanyuki, kisha waenda katika nchi kavu za mashariki mpaka Somalia, na huko huifikia bahari kaskazini kidogo ya Kismayu. Kwa hivyo pwani yetu yote, tangu Kiunga mpaka Vanga, iko katika kizio cha kusini. Mombasa iko katika daraja 4 na dakika 3 kusini. Makka iko katika daraja 21 na dakika 25 kaskazini. Tangu sisi mpaka huko ni daraja 25 na nusu, yapata kilomita 2,800, na Istiwai imelala baina yetu.

Ama kivuli, habari yake ni hii. Jua halikai juu ya Istiwai mwaka mzima. Lapanda kaskazini mpaka daraja 23 na nusu katika mwezi wa Juni, kisha hurudi na kushuka kusini mpaka daraja 23 na nusu katika mwezi wa Desemba. Kairo, kwa kuwa iko katika daraja 30 kaskazini, jua haliifikii kabisa. Kila siku ya mwaka jua la adhuhuri liko kusini ya mtu wa Kairo, na kivuli chake chalala kaskazini. Basi mwanachuoni wa Misri aliandika alichokiona kila siku ya maisha yake, naye alisema kweli. Sisi tuliomo ndani ya njia ya jua hali yetu ni nyingine. Karibu ya tarehe 10 Machi jua hupita juu ya vichwa vyetu hapa Mombasa, likienda kaskazini, na kwa muda wote tangu siku hiyo mpaka karibu ya tarehe 3 Oktoba, jua la adhuhuri liko kaskazini yetu na kivuli chalala kusini. Kisha jua hutupita tena likirudi, na kivuli huhamia kaskazini. Katika siku hizo mbili za kupitwa, kijiti kilichosimama sawasawa hakina kivuli cha kutazamwa wakati wa adhuhuri.

Wako watakaosema: hayo yatufaa nini? Yatufaa katika Alasiri. Yajulikana kwamba wakati wa Alasiri huingia kivuli cha kitu kikiwa sawa na kitu chenyewe, baada ya kuondoa kivuli kilichokuwako jua likiwa katikati ya mbingu. Kijiti cha sentimita 100 kikisimamishwa Mombasa katika siku za mwisho wa Juni, kivuli chake cha katikati ya mchana ni kama sentimita 52, nacho chalala kusini. Mwisho wa Desemba ni kama sentimita 35, nacho chalala kaskazini. Mwanzo wa Oktoba hakuna. Mwenye kuhifadhi kipimo kimoja akakitumia mwaka mzima, au akakichukua katika kitabu cha nchi nyingine, huenda akasali kabla ya wakati naye adhani amehifadhi dini yake.

Kadhalika habari ya nyota. Twasoma katika vitabu kwamba msafiri aitafute Kibla kwa nyota ya kutubi ya kaskazini, aiweke mahali fulani pa mwili wake. Mtu wa Shamu aweza, na mtu wa Iraki aweza. Mtu wa Mombasa ataitafuta mpaka kuche asiione, kwani nyota hiyo huonekana juu ya upeo wa macho kwa kiasi cha aradhi ya mahali, na sisi tulioko kusini ya Istiwai imetufichamia chini. Walioijua vyema habari hii ni manahodha. Walipoondoka kwetu na upepo wa kusi kwenda Arabuni, walipokwisha kuivuka Istiwai nyota ile, waliyoiita Jaa, ikaanza kuonekana chini kabisa, nayo ikazidi kupanda kila walivyozidi kwenda. Waliipima kwa vidole, au kwa kibao kidogo chenye uzi uliofungwa mafundo, na kwa kipimo hicho wakajua wamefikia bandari gani. Ahmad bin Majid, mwalimu wa mabaharia wa Arabuni katika karne ya 15, aliandika mengi katika ilimu hii. Walipofunga safari ya kurudi na kaskazi, Jaa ilishuka mpaka ikazama, nao wakaelekea ilikokuwa nyota ya Suheli. Kwa hivyo wazee wetu waliita kusini suheli na kaskazini jaa. Na kaskazini waliiita vile vile kwa jina jingine, kibla, na jina hilo tutalirejea.

Tumemaliza kizio cha kaskazini na cha kusini. Sasa tuje kwa mashariki na magharibi, na hapa mambo ni mengine kabisa.

Mistari ya urefu, ndiyo tuli kwa Kiarabu na longitudo katika skuli, yatoka kutubi hata kutubi kama mipaka ya vipande vya chungwa. Ikikutana na Istiwai huwa mbalimbali, na kila daraja ni kilomita 111. Ikienda kaskazini au kusini hukaribiana, na katika aradhi ya 60 daraja moja imekuwa nusu tu ya hiyo, na katika kutubi yote hukutana ikawa nukta. Kwa jumla ni daraja 360. Lakini ianze kuhesabiwa wapi? Dunia izungukavyo haina upande ulio bora kuliko upande mwingine. Hapana alama ya maumbile, kama ilivyo Istiwai, ya kumwambia mtu hapa ndipo mwanzo. Batlimusi Myunani alianzia visiwa vya mbali vya bahari ya magharibi, na wanavyuoni wa Kiislamu wengine walimfuata, na wengine wakaanzia pwani ya magharibi ya Afrika, wakatafautiana kwa daraja 10. Kila mmoja alikuwa na haki, mradi aseme alikoanzia.

Hata kuipima tuli kulikuwa kuzito. Aradhi mtu aweza kuipima peke yake kwa nyota au kwa jua. Tuli yahitaji kujua ni saa ngapi hapa na ni saa ngapi kule kwa wakati mmoja, na zamani hapakuwa na saa ya kuchukuliwa safarini wala simu. Abu Raihan al-Biruni, kijana wa Khwarizmi, alipatana na Abul Wafa al-Buzjani aliyekuwa Baghdadi, wautazame mwezi ukipatwa mwaka 997, kila mtu mjini kwake. Mwezi ulipatwa kwa wote wawili kwa wakati mmoja, lakini saa za miji yao zilitafautiana kwa kiasi cha saa moja. Na kwa kuwa dunia yazunguka daraja 360 katika saa 24, kila saa ni daraja 15, na kila daraja ni dakika 4 za saa, basi wakajua umbali wa miji yao kwa tuli. Huyu al-Biruni baadaye aliandika kitabu kizima, Tahdid Nihayat al-Amakin, akakimaliza mwaka 1025, na makusudio yake makubwa yalikuwa kuipata tuli na aradhi ya Ghazna ili ijulikane Kibla chake. Twalitaja hili kwa ajili ya ndugu zetu wanaotuambia kwamba kuwasomesha watoto ramani ni kuwapoteza.

Mwanzo tuutumiao leo uliwekwa kwa shauri la watu. Mwaka 1884 wajumbe wa dola 25 walikutana Washington, Marekani, na 22 kati yao wakakubali kwamba mstari wa sifuri upite katika nyumba ya kutazamia nyota iliyoko Greenwich, karibu na London. Dola moja ilikataa, na Ufaransa na Brazili hazikusema ndiyo wala la. Wafaransa waliendelea kuhesabu saa zao kwa Paris mpaka mwaka 1911. Sababu ya Greenwich kushinda haikuwa ya dini wala ya falaki. Merikebu nyingi za wakati huo zilitumia ramani za Waingereza, na wengi wakaona ni usumbufu kuzibadilisha.

Basi kutoka Greenwich kwenda mashariki mpaka daraja 180 ndicho kizio cha mashariki, na kwenda magharibi mpaka 180 ndicho kizio cha magharibi. Mstari huo wapita Uingereza yenyewe na kuigawa, kisha Ufaransa na Hispania, ukaingia Aljeria, ukapita Mali na Burkina Faso, ukaingia baharini Ghana karibu na mji wa Tema. Afrika ni bara yenye ardhi katika vizio vyote vinne. Wamoroko, ndugu zetu katika Uislamu, wako kizio cha magharibi, na watu wa Moscow wako kizio cha mashariki pamoja nasi. Hapo msomaji ataona kwamba wanaogombana kwa majina ya Mashariki na Magharibi, huyu akijifakhiri na yule akitukana, hawagombani kwa jambo lililomo katika ardhi.

Na upande wa pili wa dunia, karibu na daraja 180, ndipo siku ibadilishwapo jina. Ukitaka kujua kwamba huu ni mkataba wa watu tu, tazama visiwa vya Samoa. Vilikuwa vikihesabu siku pamoja na Marekani, na kwa biashara yao na Australia na Nyuzilandi wakaona ni bora wahesabu na upande wa pili. Walilala Alkhamisi tarehe 29 Desemba 2011, wakaamka Jumamosi tarehe 31. Ijumaa ile kwao haikuwako. Visiwa havikusogea hata kidogo, vingali katika kizio cha magharibi kwa tuli kama vilivyokuwa.

Sasa turejee kwa lile neno la wazee, kibla kwa maana ya kaskazini. Tuli ya Mombasa ni daraja 39 na dakika 40 mashariki. Tuli ya Makka ni daraja 39 na dakika 50. Tafauti ni dakika kumi hivi za daraja, ambazo kwa saa ni sekunde 40 tu! Jua likiwa katikati ya mbingu Makka, kwetu limekaribia kabisa kuwa katikati. Na Kibla cha Mombasa ni kaskazini barabara, kimependelea mashariki kwa theluthi ya daraja, kiasi kisichoweza kupimwa kwa jicho. Unguja hupendelea mashariki kwa daraja moja na kidogo, na Lamu hupendelea magharibi kwa daraja mbili na nusu. Wazee hawakukosa walipoufanya upande mmoja kuwa jina la mwingine. Lakini mwenye kuyachukua maneno yao akaenda nayo bara atakosa. Kisumu, kwa kuwa iko magharibi ya tuli ya Makka kwa daraja tano, Kibla chake kimeacha kaskazini na kuelekea mashariki kwa kiasi cha daraja 12 au 13.

Mwenye kutaka kuhakikisha kwa macho yake, na asitumie dira, ambayo mara nyingi huiacha kutubi ya kweli kwa kiasi kinachotafautiana kila nchi, na asimame tarehe 28 Mei saa 6 na dakika 18 mchana, au tarehe 16 Julai saa 6 na dakika 27. Katika nyakati hizo jua liko juu ya Al-Kaaba sawasawa, na saa ya Makka ndiyo saa yetu. Katika baadhi ya miaka huwa bora siku moja kabla. Asimamishe kijiti kilichonyooka. Kutoka ncha ya kivuli kuelekea shina la kijiti ndiko Kibla, awe Mombasa au Nairobi au Kisumu.

Limebaki jambo moja, nalo ndilo lililotuhuzunisha zaidi. Saa tuzitumiazo Kenya nzima zimepimwa kwa tuli ya daraja 45, ambayo haipiti hata katika nchi yetu. Kwa hivyo saa za ukutani ni moja Lamu na Kisumu, lakini jua si moja. Lamu jua hutangulia Mombasa kwa dakika 5. Nairobi huchelewa kwa dakika 11. Kisumu huchelewa kwa kiasi cha dakika 20, na kwa kutua jua tafauti hiyo hupungua mpaka 13 katika Desemba na huzidi mpaka 26 katika Juni, kwa sababu ya aradhi. Ndugu yetu mmoja alisafiri kwa biashara katika Ramadhani akakaa Kisumu, na simu yake ilikuwa ingali imewekwa kwa nyakati za Mombasa. Mawingu yalikuwa mazito juu ya ziwa, naye alikuwa chumbani peke yake, adhana ikalia katika simu, akafuturu. Alifanya hivyo siku tatu. Siku ya nne alikwenda msikitini akiwa na tende mkononi, akakuta watu wamekaa wakingoja, na jua lingali laonekana katika uwazi wa mawingu.

Alipotuuliza tulimjibu kwamba kwa madhehebu yetu ya Kishafi hana dhambi kwa alilolidhania kwa nia safi, lakini siku zile tatu azilipe, kwani imebainika kwamba alikula mchana. Akatuambia, "Maalim, mbona hamkutufundisha kabla?" Azilipa katika mwezi wa Shawwali. Nasi tumeandika jedwali ya tafauti za miji, tangu Lamu mpaka Kisumu, tukaibandika ubaoni mahali pa darasa, na aliyeipiga hesabu ni yule kijana wa ufito.